Toleo Jipya la Gemu Limeingia? Lipime Kabla Hujalipa

Karibu kila mwaka ikifika mwishoni mwa Septemba, EA wanatoa gemu mpya ya mpira. Wiki chache baadaye mtu anashuka stendi ya Kahama akiwa na CD kwenye begi, na vibanda vya gemu pale mjini vinaanza kuulizwa swali moja: "Mpya mnayo?" Swali hilo halikawii kufika Kakola, Katoro na Ushirombo. Mwenye kibanda anapata presha. Wewe unayecheza nyumbani nawe unapata presha. Hela inatoka.

Tulia kwanza. Kuna matoleo yaliyoyaacha mbali yale ya mwanzo. Mengine ni yale yale, yamevalishwa jezi mpya. Na yapo yaliyoharibika kabisa. Yote hayo yanatangazwa kwa mbwembwe zile zile, na mengi yanauzwa bei ile ile.

Kwa kuwa uko ukanda wa dhahabu, kanuni unaijua tayari. Pale Rwamagasa au Mwakitolyo hakuna anayenunua mfuko wa mawe kwa sababu tu mwenye duara ameyasifia. Mnunuzi anachukua kiasi kidogo, anasaga, anaosha kwenye karai, anaangalia kilichobaki chini. Gemu nayo ipime hivyo hivyo, kwa mkono wako.

Andika unachokipenda kwenye ile ya zamani

Kabla hujaangalia hata picha moja ya toleo jipya, chukua simu uandike mambo matatu yanayokurudisha kwenye lile la zamani. Matatu tu. Yawe ya kushikika: "pasi ya kupenyeza inafika", "mechi inaanza haraka", "naweza kuruka na ndege". Ukiandika "ni tamu" hujaandika kitu.

Orodha hiyo ndiyo mizani yako. Chukua GTA. San Andreas ya mwaka 2004 ilikupa miji mitatu, ndege za kuendesha, parachuti, na jimu ya kumjaza misuli CJ, mhusika mkuu. GTA IV ikaja mwaka 2008 na picha kali zaidi na hadithi nzito zaidi, lakini ndege za kuendesha hazimo, jimu haimo, na mji ni mmoja. Waliopenda hadithi waliisifu sana. Waliopenda kuzurura walirudi Grove Street ya San Andreas. Kila upande ulikuwa na haki yake, kwa sababu kila upande ulikuwa na orodha tofauti.

Kwa hiyo usimuulize rafiki yako kama gemu ni nzuri. Muulize kama yale mambo yako matatu yapo.

Soma jalada mpaka maandishi madogo

Geuza kasha. Ukikuta neno "Legacy Edition", jua unauziwa gemu ya zamani yenye vikosi na jezi za msimu mpya. FIFA 18 na FIFA 19 za PS3 zilikuwa hivyo. EA wenyewe waliandika, hawakuficha. Wanunuzi ndio hawakusoma.

Konami nao walifanya hivyo kwenye PES 2021, iliyotoka Septemba 2020. Jina lake kamili lina maneno "Season Update", na kweli ni PES 2020 yenye usajili mpya. Haikuwa gemu mbaya hata kidogo, mimi bado naihesabu kati ya bora za mpira. Lakini mtu aliyekuwa na PES 2020 alilipia majina.

Kama tofauti ni majina tu, jaribu njia ya bure kwanza: unganisha intaneti na uapdeti vikosi vya gemu uliyonayo. Januari 2020 Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa, mwenye FIFA 20 hakuhitaji CD mpya ili amuone na jezi ya Villa. Alihitaji bando. Ila hizi apdeti zinakuja ndani ya msimu wa gemu hiyo, kwa hiyo usikae mwaka mzima ukizisubiri.

Jina lile lile halimaanishi gemu ile ile. Need for Speed: Most Wanted ipo ya mwaka 2005 na ipo ya mwaka 2012, na ni vitu viwili tofauti. Kinyume chake pia kipo: FC 24 ina jina jipya lakini ni mwendelezo wa FIFA 23. EA na shirikisho la FIFA waliachana kwenye mkataba wa jina. Klabu na ligi nyingi zina mikataba yao na EA, kwa hiyo zikabaki.

Mashine yako inafika wapi?

Hapa ndipo hela nyingi za vijana wa Shinyanga na Geita zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

PS2 iliishia FIFA 14 na PES 2014. PS3 iliishia FIFA 19 na PES 2018. Ukiuziwa "FC 25 ya PS2", hiyo ni kazi ya fundi aliyepachi gemu ya zamani. Si dhambi kuicheza, lakini ipime kama ilivyo: majina mapya, mpira wa miaka ya nyuma kabisa. Usiilipie bei ya toleo jipya.

Na nikuambie, kuna pachi inayoifurahisha foleni ya kibandani kuliko gemu halisi. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22, ikamaliza ya nne, na George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. EA hawakuiweka kwenye gemu yao, kama ambavyo hawajawaweka Simba na Yanga. Lakini PES ina sehemu ya kuhariri: unabadilisha jina la timu, rangi za jezi, unatengeneza na wachezaji. Jumamosi mbili za kukaa na pedi zinatosha kuiweka Geita Gold uwanjani. Kama jambo la kwanza kwenye orodha yako ni "timu za nyumbani", PES ya zamani inashinda bila mjadala.

Kwenye PS4 kuna mtego wa aina nyingine. FC 24 ya PS4 na FC 24 ya PS5 zina jina moja, ila ile teknolojia ya mwendo wa wachezaji iliyopigiwa debe, HyperMotionV, haimo kwenye PS4. Trela uliyoiona kwa simu ni ya mashine kubwa. Ukitafuta video, ongeza jina la mashine yako: andika "PS4 gameplay", kisha angalia mechi nzima isiyokatwakatwa.

Upande wa ngumi ni wazi zaidi. Tekken 7 ipo kwenye PS4, Tekken 8 ya Januari 2024 haipo. Mortal Kombat 11 ipo, Mortal Kombat 1 ya mwaka 2023 haipo. Ukiona Tekken 8 au Mortal Kombat 1 zinauzwa mtaani kwa PS4, usipoteze hata muda wa kuuliza bei.

Sifa za wiki ya kwanza hazina uzito

Ukitaka maoni ya watu, angalia tarehe kwanza. Wiki ya kwanza watu wanasifu kwa furaha au wanatukana kwa hasira. Subiri mwezi.

Kisa cha eFootball kinatosha kukufundisha. Konami waliachana na jina la PES na kuitoa eFootball tarehe 30 Septemba 2021, bure kabisa. Ndani yake mlikuwa na klabu tisa za kuchezea. Master League, ile ligi ya kulea timu iliyowafanya watu wakeshe, haikuwemo. Sura za wachezaji zilikuwa zimepotoka mpaka dunia nzima ikacheka, na kwenye Steam ikapewa alama za chini kuliko karibu gemu zote. Konami waliomba radhi. Toleo la 1.0, ambalo angalau lilistahili jina, lilikuja Aprili 2022. Aliyesubiri hadi hapo hakupoteza kitu isipokuwa kelele.

Ukisoma maoni, ruka ya nyota tano na ya nyota moja. Nenda kwenye nyota tatu. Huko ndiko utakuta mtu aliyecheza kweli: "mpira mzuri, kipa mzembe, menyu nzito". Hayo unaweza kuyalinganisha na orodha yako.

Simu ina hatari yake. Juni 2022 eFootball ya simu iliingia kama apdeti juu ya PES 2021. Aliyeiruhusu, ya zamani ikaondoka. Ingia Play Store uzime apdeti za kujiendesha, hasa kwa gemu unazocheza bila mtandao. Uamue wewe lini ibadilike.

Na usilichanganye toleo lililosafishwa upya na mwendelezo. Novemba 2021 Rockstar walitoa GTA III, Vice City na San Andreas kwa pamoja, zikiwa zimepakwa rangi mpya. Mvua yake ilikuwa inaziba macho, nyuso zilikuwa za ajabu, baadhi ya nyimbo za redio ziliondolewa. Rockstar nao wakaomba radhi, kisha wakafuatisha marekebisho. Mambo ya msingi yalikuwa yale yale ya zamani. Mwenye San Andreas inayofanya kazi alikuwa amekaa vizuri tu.

Jaribio la jioni moja

Sasa tushike pedi. Tafuta aliyenayo, awe rafiki au kibanda cha jirani, ulipie mechi zako. Hata ukilipia jioni nzima, ni nafuu kuliko CD.

Anza na ile ya zamani. Wengi wanaruka hatua hii halafu wanalinganisha gemu mpya na kumbukumbu. Kumbukumbu haina kipa mzembe wala picha inayoganda. Cheza mechi mbili za zamani, uione ilivyo leo.

Kisha hamia kwenye mpya na usibadilishe kitu kingine chochote. Timu zile zile, dakika zile zile, mpinzani yule yule ambaye unamjua uwezo wake. Ukicheza na mgeni utashindwa kujua kama ni gemu iliyokufunga au ni yeye.

Mechi tatu za kwanza zisahau. Vidole bado viko kwenye gemu ya zamani. Ingia pia kwenye mpangilio wa vitufe uone kama shuti na krosi vimekaa ulivyozoea. Mtu wa PES akiingia EA anabonyeza shuti anapata krosi, halafu anasema gemu mbovu.

Kuanzia mechi ya nne, fungua macho. Bonyeza pasi: mchezaji anatii papo hapo au anafikiria kwanza? Mabao yakiwa manne, yanafanana? Gemu ambayo kila bao linatokea pembe ile ile, foleni itaijua ndani ya wiki moja na utamu utakwisha. Kipa anadaka au anatema kila shuti? Mwamuzi anaiona rafu?

Hesabu na menyu. Kuanzia mwisho wa mechi moja hadi mpira wa kwanza wa mechi inayofuata, unabonyeza mara ngapi, unasubiri sekunde ngapi? Nyumbani hili ni usumbufu mdogo. Kibandani ni hela, kwa sababu muda wa kuangalia wachezaji wakitoka kwenye korido hakuna anayeulipia. Zima hizo sinema kama zinazimika. Kama hazizimiki, iandike kama kasoro.

Halafu zima intaneti. Kabisa. Jaribu kila sehemu unayoitumia na uone nini kimekufa. Kwenye gemu za EA, Ultimate Team inahitaji mtandao, lakini mechi ya kawaida ya wawili inaendelea. eFootball ya simu bila mtandao haichezeki. Kama unakoishi mtandao unakuja na kuondoka, jibu la jaribio hili lina uzito kuliko picha zote.

Hakikisha pedi ya pili inafanya kazi. Usicheke. Kuna mwendelezo unaokuja bila uchezaji wa wawili kwenye skrini moja. Halo 5 ya mwaka 2015 ilifanya hivyo, wakati mfululizo wenyewe ulipata jina kwa watu kukaa pamoja kwenye kochi moja. Kwa kibanda, gemu ya mtu mmoja ni biashara nyingine kabisa.

Mwisho, tazama unavyojisikia ukiambiwa "chagua sasa, mechi ya mwisho, ipi?" Mkono ukienda kwenye ya zamani bila kufikiri, umeshapata jibu.

Gemu za hadithi zinapimwa tofauti

Huwezi kuipima God of War kwa mechi nne. Hapa cheza nusu saa ya kwanza, ujiulize kama unataka kujua kinachofuata.

God of War II ni mfano mzuri wa mwendelezo uliojua kazi yake. Ilitoka mwaka 2007 kwenye PS2, wakati PS3 tayari iko sokoni. Mapigano ni yale yale ya mwaka 2005, vidole havihitaji somo jipya. Walichofanya ni kuongeza ukubwa: mwanzo tu unapambana na sanamu kubwa la Rhodes linalotembea. Kama una PS2 iliyojaa vumbi nyumbani, hiyo bado inastahili jioni zako.

Ile ya mwaka 2018 ilifanya kinyume. Kamera ikahamia nyuma ya bega, mhusika mkuu Kratos akawa mzee mwenye mtoto, miungu ya Ugiriki ikaachwa kwa ile ya nchi za kaskazini. Kwa kipimo cha "inafanana na ya zamani?", inafeli. Kwa kipimo cha "inanipa nilichokuja kutafuta?", kwangu inafaulu vizuri sana. Lakini kama jambo lako la kwanza kwenye orodha ni "kupiga kundi la watu kwa minyororo, haraka haraka", onja kwanza. Ragnarök ya mwaka 2022 ipo PS4 na PS5 na inaendeleza hadithi ya ile ya 2018, kwa hiyo usianze nayo.

Kingine cha kujaribu kwenye gemu za hadithi ni jinsi zinavyosevu. Kama zinasevu kwa vituo vilivyo mbali, umeme ukikatika usiku unarudia saa nzima. Jua hilo mapema.

Kwa mwenye kibanda

Wewe ladha yako haina kura hapa. Wanaopiga kura ni walioko kwenye benchi.

Kama unaweza, azima au kodi toleo jipya kwa wiki mbili kabla ya kununua. Weka mashine mbili jirani, moja ya zamani, moja mpya, bei ya mechi sawa. Kila mechi chora mstari kwenye daftari. Wiki ya kwanza usiisome, kila mtu anataka kuonja. Wiki ya pili ndiyo yenye ukweli. Foleni ikigawanyika nusu kwa nusu, toleo jipya halijaleta kitu.

Halafu piga hesabu sahihi. Tuseme CD ni Sh 150,000 na mechi ni Sh 500. Wengi wanasema "mechi 300 hela imerudi". Hapana. Mechi nyingi kati ya hizo zingechezwa hata kwenye ile ya zamani. Unachotakiwa kuhesabu ni mechi zilizoongezeka. Kama zamani ulikuwa unapata mechi 40 kwa siku na sasa unapata 45, nyongeza ni tano, sawa na Sh 2,500. Hapo CD inarudisha hela yake baada ya siku 60, bado umeme na pedi zinazovunjwa. Kama kabla ya Septemba nyingine nyongeza hiyo imeshakufa, umewafanyia kazi EA.

Angalia pia nani anachagua nini. Wachimbaji waliotoka zamu na hela mkononi mara nyingi wanataka gemu ambayo mikono yao inaijua. Wanacheza ili washinde, hawana muda wa kujifunza mfumo mpya. Vijana wa mjini ndio wanaofuata majina ya usajili. Kibanda cha jirani na karasha na kibanda cha jirani na chuo vinaweza kuhitaji CD tofauti. (Na wenye sare za shule wakija saa za masomo, warudishe. Hilo halina mjadala.)

Kibanda kikijaa wateja wa Kombe la Dunia, ishike FIFA 23. FC 24 na zilizofuata hazikubeba Kombe la Dunia lililokuwa kwenye FIFA 23. FC 24 ilipata Euro 2024. Kumbuka tu kwamba mashindano yote mawili yalikuja kwa apdeti, CD peke yake haitoshi. Shusha mapema ukiwa na mtandao mzuri.

Ukiamua kununua

Usinunue Septemba. Gemu za mpira zinashuka bei haraka, na kadiri toleo linalofuata linavyokaribia ndivyo la sasa linavyopungua. Mimi nashauri kuruka: ukiwa na FIFA 23, huna haja ya kila toleo linalofuata. Nunua moja kila baada ya matoleo mawili au matatu, ndipo utaona tofauti ya kweli uwanjani.

Patana kuhusu kurudisha kabla mzigo haujapanda basi. Kutoka Kariakoo hadi Shinyanga ni karibu kilomita 1,000, na ukishafungua kasha hakuna anayetaka kukusikia. Mwambie muuzaji akutumie video fupi gemu ikiwaka kwenye mashine kama yako, jina la toleo likionekana. Ukinunua Mwanza, nenda nayo hadi iwake mbele yako.

Ukinunua mtandaoni, jua mlango wa kutokea. Steam wanarudisha hela kama umeomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Saa mbili hizo zitumie kwa jaribio tulilolifanya juu, usizimalize kwenye menyu. Google Play unaomba ndani ya saa 48. Duka la PlayStation ni gumu zaidi: ukishaanza kushusha gemu, kwa kawaida hela hairudi. Kwa mpira wa EA, wanaolipia EA Play wanapata saa 10 za kuonja.

Na ile CD ya zamani usiiuze. Mwaka 2023 EA waliondoa gemu zao zenye jina la FIFA kwenye maduka ya mtandaoni. Mwenye CD bado anacheza. Kaa nayo angalau hadi hamu ya jipya ipoe, halafu uamue.

Hukumu zangu, kwa ufupi

Kati ya PES 2021 na eFootball, kibandani weka PES 2021. Kati ya FIFA 23 na FC 24 kwenye PS4, baki na 23. San Andreas ya zamani inaishinda ile iliyopakwa rangi. God of War II imeifikia ya kwanza na kuipita. GTA V ya mwaka 2013 ilirudisha ndege, parachuti na Los Santos, ikauzwa nakala zaidi ya milioni 200. Hiyo imestahili. Tekken 5 ni bora kuliko Tekken 4, na nyie wa PS2 mnaijua. Ukipinga, pima mwenyewe kwa jioni moja uniletee orodha yako.

Kuhusu GTA VI, ambayo imeahirishwa zaidi ya mara moja: Rockstar wameitangaza kwa PS5 na Xbox Series X na S. Hawajatangaza ya PS4, PS3 wala simu. Ukitumiwa linki ya "GTA 6 APK" kwenye WhatsApp, usiibonyeze. Na mtu akikuomba kianzio Katoro au Kahama ili akuletee ya PS4, usimpe hata shilingi.